Bei ya Mgambo

Kabla sijasema lolote, mtu asiniletee ile methali ya tembo na nyasi. Nimeisikia tangu mwaka wa tisini na mbili, kanisani, kwa chifu, kwenye matanga, mpaka imenitoka puani. Mimi sikuwa tembo wala nyasi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye daftari la hesabu na kalamu nyekundu, na mimi ndiye niliyeamua nani aachwe shambani. Kwa hiyo tembo wapumzike.

Mchezo wenyewe ulitoka Kitale mjini. Mwalimu mmoja Mzungu alikuwa akirudi kwao, akawa anauza vitu vyake uani, mpaka miiko. Baba alikwenda kununua debe la maziwa, akarudi na debe na sanduku la karatasi ngumu, aliloongezewa bure kwa sababu lilikuwa limepasuka pembe. Ndani mlikuwa na ramani ya anga, nyota na sayari zake, vipande vya jeshi, na kitabu kinene cha sheria kwa Kiingereza. Ukizitwaa sayari zote umeshinda. Kulikuwa na meli za kupigania huko juu, lakini sayari haitwaliwi na meli. Lazima ushushe jeshi la nchi kavu, likanyage udongo, ndipo iwe yako. Mimi nilikuwa nimemaliza Fomu Foo, nakaa nyumbani karibu na Kachibora nikipalilia mahindi na kukasirika. Sanduku lile liliniokoa.

Lakini ulikuwa mchezo wa watu wawili. Mama alisema ni wa shetani. Wadogo zangu walitaka kula vipande. Baba kila Jumapili baada ya kanisa alilala kama gogo. Akabaki Wekoye.

Wekoye alitoka Bungoma, alikuwa ametukamulia ng'ombe miaka minne. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye maneno. Shule aliacha darasa la saba karo ilipokosekana, basi Kiingereza cha kitabu kile kilimshinda. Mimi nilisoma, nikamweleza kwa Kiswahili, naye akashika kila kitu mara moja. Kichwa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Ninalisema hilo sasa, wakati halimsaidii.

Jeshi la nchi kavu lilikuwa la aina tatu. Mgambo alinunuliwa kwa alama mbili, na alikuwa na nguvu moja ya kushambulia na mbili za kulinda. Askari kamili alikuwa wa alama tano, nguvu nne kwenda na nne kukaa. Kifaru kilikuwa alama kumi na mbili, kumi kushambulia, nane kulinda. Vipande vingi vya askari vilikuwa vimepotea, kwa hiyo mgambo tulimfanya punje ya mahindi na askari kamili tukamfanya haragwe. Tulichezea stoo, juu ya gunia, na mara mbili kuku aliingia akala jeshi zima.

Wekoye alimpenda mgambo tangu siku ya kwanza.

"Kwa bei ya kifaru moja mimi napata mgambo sita. Sita, bana! Wewe uko na moja."

"Na meli inabeba wangapi?"

"Sita."

"Sita wa aina yoyote, sivyo? Meli ni alama ishirini. Ukipakia mgambo sita, umetumia thelathini na mbili kupeleka nguvu sita. Mimi nikipakia vifaru sita natumia tisini na mbili, napeleka nguvu sitini. Nguvu moja kwako ni zaidi ya alama tano. Kwangu haifiki hata mbili. Sasa maskini ni nani?"

"Ati maskini!" Alicheka, halafu akanuna. "Hiyo hesabu yako haina mutu ndani."

"Ni punje ya mahindi, Wekoye."

"Hata kama."

Jambo moja nilimkubalia. Ukiwa nyumbani hulipi meli. Alama sitini zitakununulia mgambo thelathini wenye ulinzi wa sitini, lakini vifaru ni vitano tu, ulinzi arobaini. Kwa kukaa na kulinda, mgambo hana mpinzani. Tena kulikuwa na sheria kwamba sayari isiyo na hata askari mmoja juu yake hurudi kuwa ya yeyote. Kwa hiyo kila jeshi lilipoondoka, uliacha mmoja, yule wa bei ya chini kabisa. Niliyachora yote hayo kwenye jedwali nyuma ya daftari langu, na mbele ya jina la mgambo nikaandika kwa nyekundu: wa kuachwa nyuma. Nilijiona profesa.

Hata hivyo Wekoye alishindwa Jumapili sita mfululizo, maana alikataa kununua vifaru. Jumapili ya saba akasema basi, yeye atakuwa anakwenda Kachibora kuona wenzake. Nikaona nitabaki peke yangu na kuku. Nikafungua kitabu, nikageuza kurasa, nikajifanya nimegundua kitu.

"Ebu ngoja! Kuna sheria tuliiruka. Mgambo akishikilia sayari peke yake kwa zamu tatu, anapandishwa cheo. Anakuwa askari kamili, bila malipo."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa hapa."

Haikuwa imeandikwa. Hapo palikuwa na picha ya meli. Lakini mngaliuona uso wake! Alikaa chini akapiga hesabu kwa kidole vumbini. Mgambo wa alama mbili anakuwa mtu wa alama tano, faida ni tatu, na hajafanya lolote ila kuvumilia. "Si nilikuambia," alisema, "hii mutu iko na kitu." Kuanzia siku hiyo kila zamu ya tatu ilipofika aliiondoa punje ya mahindi taratibu, akaweka haragwe mahali pake, na kila mara alisema "Hongera, bwana." Alinishinda mara mbili mwezi huo. Uongo wangu niliuona mtamu, nikausahau.

Halafu fununu zikaanza, kwamba watu wa kabila letu watafukuzwa mashambani. Ng'ombe wa mtu wamekatwa mishipa. Nyumba ya mtu imeachiwa barua. Mwanzoni mwa tisini na mbili Mama alichukua wadogo zangu akaenda kukaa kwa dada yake huko Kibomet, karibu na Kitale, katika chumba kimoja. Tulibaki mimi, Baba na Wekoye. Kisha jirani yetu Chelimo, wa kabila la hao waliotutisha, ambaye sisi tulimwita Mama Kiplangat, akaja mpaka kwenye ua mchana kweupe akijifanya anatafuta kuku.

"Baba Nyaruai," alisema, akimwita kwa jina langu, bila kumtazama, "usingoje Jumamosi. Mimi nimesikia kwa watoto wangu mwenyewe. Ondoka."

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Baba, anayeitwa Ndung'u, mtu asiyeomba ushauri hata kwa Mungu, alikaa kwenye ngazi ya stoo akashika kichwa.

"Siondoki," alisema. "Shamba hili nimelilipia miaka kumi na moja kwa ushirika. Asiyekuwapo na lake halipo. Likikaa tupu mwezi mmoja, mtu ataingia, atajenga, na hata nikija na hatimiliki watanicheka. Nendeni nyinyi. Mimi nitabaki."

Niliogopa. Nilimpenda baba yangu, na nilijua wakimkuta watamuua. Hofu ikinishika mimi huwa naanza kupiga hesabu. Nikaleta daftari. Ndiyo, daftari lile lile.

"Baba, kifaru hakiachwi kulinda sayari ndogo," nilimwambia. "Wewe ukipotea, kila kitu kimepotea. Hatimiliki ina jina lako. Anayehitajika hapa ni mtu wa kuonekana tu, moshi utoke, ng'ombe wakamuliwe. Mtu ambaye si wa kwetu wala si wa kwao. Hawatamgusa."

"Nani?"

Sikulitaja jina. Niligeuka nikatazama kule kwenye boma la ng'ombe, na Baba akatazama huko.

Baba alimwita akamwahidi robo ekari, ile ya kando ya mto yenye mti wa parachichi. Akibaki mpaka turudi, ni yake, ataandikiwa. Wekoye alisikiliza huku akifuta mikono kwa suruali. Alikuwa na mchumba Bungoma, Sally, na wazazi wa msichana walikuwa wameuliza mahali pa kumpeleka binti yao ni wapi. Lakini hakumjibu Baba. Alinigeukia mimi.

"Nyaruai. Zamu tatu?"

Ningeweza kusema wakati ule. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema, Wekoye, ile sheria niliitunga kwa sababu nilikuwa mpweke, chukua ng'ombe mmoja uende kwenu leo hii. Lakini lori la kutuhamisha lilikuwa limefika, Baba alikuwa hai mbele yangu, na nilitaka abaki hai.

"Zamu tatu," nilisema. "Miezi mitatu."

"Sawa. Hiyo ni kidogo."

Tulipakia magunia, mabati ya ziada, cherehani ya Mama. Nafasi iliyobaki ingemtosha mtu mmoja mrefu. Niliiona, na nikakaa hapo mimi, nikinyoosha miguu.

Wavamizi walikuja mwanzoni mwa mwezi wa pili tangu tuondoke, saa nane mchana. Hawakuuliza yeye ni wa wapi. Nani alikuwa na wakati wa kuuliza? Walichoma nyumba, na Wekoye alipokimbia akaingia stoo kutoa kitu, akapigwa mshale kwenye goti akitoka. Mama Kiplangat alimficha kwenye banda lake la mbuzi siku mbili, na watoto wake mwenyewe wakipita hapo nje, kisha akamfikisha hospitalini Kitale. Mguu ulikuwa umeanza kuoza. Waliukata juu ya goti.

Nilikwenda kumwona. Nikamkuta ameketi, na chini ya mto amelaza sanduku la mchezo. Hicho ndicho kitu alichokiingilia stoo.

"Hii ingeungua," aliniambia, kana kwamba ananiomba radhi.

Nililia mpaka muuguzi akanitoa nje. Lakini sikusema.

Na sikilizeni hili sasa, maana hapa ndipo huwa natamani kujipiga kofi. Walipomtoa hospitalini, hakwenda Bungoma. Alirudi Kachibora na magongo mawili, akalala stoo iliyobaki, akawasha moto asubuhi ili moshi uonekane. Mama Kiplangat alimpelekea uji. Zamu ya tatu ilikuwa haijaisha. Alikaa siku thelathini na moja, na hakuna aliyeingia shamba lile, kwa sababu kila aliyepita aliona mtu yupo.

Mambo yalipotulia Baba alirudi akakuta ekari zake kumi zote mahali pake. Majirani wetu wengine waliokimbia bila kuacha mtu mpaka leo wanapeleka barua kwa mkuu wa wilaya. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, jamani! Sahihi kabisa. Baba alimpa Wekoye blanketi, nauli, na maneno. "Tutaona mambo yakitengamaa." Kila mwaka nilimuuliza Baba habari ya robo ekari, na kila mwaka tuligombana mpaka Mama akaingilia. "Ahadi ni deni," nilimwambia. "Basi lipa wewe uliyempendekeza," alinijibu.

Mwaka wa tisini na saba Baba aliuza shamba. Lote. Alinunua ploti mbili Kibomet akajenga vyumba vya kupangisha. Mimi nilikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi Kitale, na nilisikia habari hiyo kwa mteja, mbele ya watu, nikipima misumari. Jumamosi iliyofuata nilinunua sukari na mkate nikaenda Bungoma.

Nilimkuta nje ya nyumba yake ya udongo, nyuma ya soko, akishona viatu. Amenenepa kidogo. Sally alikuwa amemwoa hata hivyo, au niseme alikubali kuolewa bila robo ekari. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, anafundisha nasari ya kanisa.

"Mulembe, Nyaruai!" Wekoye alinisalimu kwa kelele mpaka majirani wakatoka. "Sally, chinja kuku! Huyu ndiye profesa!"

Sikutaka kula kwanza, lakini huwezi kukataa kuku wa watu. Nilikula kama mtu anayekula mawe. Halafu nikamwambia.

"Wekoye, Mzee ameuza shamba."

"Yote?"

"Ekari zote kumi."

"Na ile ya kando ya mto?"

"Na hiyo."

Alishika paja lake pale lilipoishia, akalisugua pole pole. Sally hakushtuka. Alikuwa akitoa mifupa mezani, akaendelea kutoa. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Basi Mzee amevunja sheria," alisema mwishowe. "Hiyo ni yake na Mungu wake. Lakini sheria yenyewe ilikuwako. Sally, lete ile kitu."

Sally alileta sanduku. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya viatu, na mahindi na maharagwe yalikuwa ndani ya kopo, yametiwa majivu yasiliwe na wadudu. Wekoye alitoa kitabu cha sheria akakiweka magotini mwangu.

"Huyu mke wangu amesoma, lakini kizungu yake ni ya watoto. Mimi nimemwambia kuna ile ya zamu tatu. Yeye anasema hakuna. Anasema mimi nilipoteza mguu juu ya kitu hakuna." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Miaka tano tunabishana. Wewe ndiye uliisoma. Muonyeshe ukurasa."

Niligeuza kurasa. Nilijifanya natafuta, kama nilivyojifanya stoo. Nikafika katikati, nikaona karatasi moja imechanwa. Kitabu kile nilikiacha kizima, mimi nakijua. Sasa palikuwa na ukingo mdogo tu uliobaki kwenye mshono.

"Hapo!" Wekoye aliinama mbele. "Hiyo karatasi imepotea. Mimi nasema ilikuwa hiyo. Ilikuwa hiyo, Nyaruai?"

Nilimtazama Sally. Alikuwa amesimama na sahani ya mifupa, ananitazama bila kupepesa.

Nilikuwa nimepanda gari asubuhi ile nikiwa nimeapa kusema yote. Niliyarudia maneno njiani kama sala. Lakini angalieni mtu mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, ameshika gongo, anasubiri kuambiwa kwamba hakuwa mjinga. Shamba limekwenda. Mguu umekwenda. Kilichobaki kwake ni ukurasa mmoja.

"Ndiyo," nilisema. "Ilikuwa hapo hapo."

Alipiga paja lake kofi. "Unaona? Unaona, Sally? Nilikuambia nini mimi!" Akachukua punje moja ya mahindi kutoka kwenye kopo, akaipuliza majivu, akaiweka mezani. Kisha akaiondoa, akaweka haragwe. "Hongera, bwana," alijiambia.

Sally alinisindikiza, kama desturi. Tulipita soko lote. Tulipofika barabara ya lami akasimama.

"Ile karatasi haijapotea," alisema. "Iko ndani ya Biblia yangu. Inaeleza vile meli inatengenezwa ikiharibika. Mgambo hayumo."

"Basi nani aliichana?"

"Mimi. Mwaka juzi alinilazimisha nimsomee kitabu chote, mstari kwa mstari, na hiyo sheria yenu haikuonekana. Alikaa siku mbili bila kula. Ya tatu nikaichana, nikamwambia, ebu angalia, hapa kuna karatasi imekosekana. Akala."

"Lakini amesema mnabishana."

"Tunabishana, ndiyo. Nikikubali haraka atajua." Alinikabidhi kifuko cha mayai, zawadi ya mgeni. Alisubiri nikishike vizuri. "Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilianzia Kachibora, ikafika hapa, na mimi ndiye naitembea kila siku. Nilidhani leo umekuja kumwambia ukweli. Nilikuwa nimejitayarisha kukufukuza na mwiko."

"Nilikuja kumwambia," nilisema.

"Basi usirudi. Ukweli wako utamwambia, halafu utaenda zako Kitale umelala vizuri. Mimi ndiye nitabaki naye."

Aligeuka akaenda. Nilisimama pale na mayai ya watu mkononi mpaka gari la Kitale likaja.